Morgan ya Magurudumu Matatu: Gari la Mashindano na Watu Wanaolitunza

Morgan ya magurudumu matatu ni gari dogo la Kiingereza lililoundwa katika mji wa Malvern, kaunti ya Worcestershire, kuanzia mwaka 1909 hadi 1952. Kwa msomaji aliyezoea bajaji ya Unguja au Dar es Salaam, hii ni kama bajaji iliyogeuzwa: magurudumu mawili yako mbele na moja nyuma. Katika Morgan za mashindano injini hukaa wazi mbele kabisa, na silinda zake mbili zimesimama kwa umbo la herufi V.

Asili yake

Mwanzilishi wake, H.F.S. Morgan (1881–1959), alikuwa mtoto wa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Gari la kwanza alilitengeneza akitumia injini ya pikipiki ya Peugeot, kwa msaada wa mwalimu wa ufundi wa Malvern College. Mwaka 1910 alilipeleka kwenye maonyesho ya Olympia, London. Lilikuwa na kiti kimoja tu, na wanunuzi wakawa wachache. Alipotengeneza la viti viwili mwaka uliofuata, duka maarufu la Harrods lilikubali kuwa wakala wake na likaliweka dirishani.

Kodi nayo ilisaidia biashara. Kuanzia mwaka 1921 magari ya Uingereza yalitozwa paundi moja kwa kila nguvu ya farasi, lakini chombo cha magurudumu matatu chenye uzito usiozidi kilo 406 hivi kilitozwa paundi 4 tu kwa mwaka, kama aina ya pikipiki. Kijana mwenye mshahara mdogo aliweza kumudu gari lenye mbio.

Mashindano

Wepesi ndio uliokuwa siri ya mbio hizo. Fremu ni ya mabomba ya chuma, na bodi ni ya mbao iliyovikwa mabati. Magari ya mwanzo yalikuwa na gia mbili tu, kila moja na mnyororo wake wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Gia ya kurudi nyuma haikuwapo, kwa hiyo mwenye gari alishuka na kulisukuma. Mafuta hayakuongezwa kwa mguu, bali kwa kijiti kidogo kwenye usukani.

Mwaka 1912 Morgan mwenyewe aliendesha karibu maili 60 kwa saa moja katika uwanja wa Brooklands. Mwaka 1913 W.G. McMinnies alishinda mashindano ya magari madogo huko Amiens, Ufaransa, na kiwanda kikatoa aina iliyoitwa Grand Prix. Mwaka 1924 ilitokea ajali mbaya Brooklands: E.B. Ware na fundi aliyekaa naye waliumia vibaya. Baada ya hapo magari ya magurudumu matatu yakazuiwa kushindana na ya manne. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1930 mwanamke wa Kiingereza, Gwenda Stewart, alilipeleka Morgan lenye injini ya JAP zaidi ya maili 110 kwa saa katika uwanja wa Montlhéry, karibu na Paris.

Kwa nini ni adimu

Gari la mashindano halitunzwi kama gari la harusi. Injini ikipasuka hubadilishwa. Fremu ikipinda hukatwa na kuungwa upya. Bodi huondolewa ikawekwa nyepesi zaidi. Kifaa kizuri hutolewa gari hili kikatiwa lile. Ndiyo maana swali kubwa la wakusanyaji si kama gari linang'aa, bali ni kama kweli ndilo lenyewe. Injini ya JAP ya kweli inaweza kufungwa kwenye fremu iliyoundwa jana, na mnunuzi akauziwa historia ambayo gari hilo halikuipitia.

Jibu liko kwenye karatasi na namba: namba ya fremu, namba ya injini na namba ya usajili. Vitabu vya usajili vya Uingereza vilivyoanza mwaka 1921 viliandikwa jina la kila mmiliki na kupigwa muhuri wa ofisi ya kaunti. Kumbukumbu zilipohamishiwa kwenye kompyuta huko Swansea, gari lililokuwa limelala bandani bila kuandikishwa upya liliweza kupoteza namba yake. Leo vilabu vilivyoidhinishwa hukagua gari na nyaraka zake, kisha huthibitisha kwa serikali ili namba irudishwe. Kitabu chakavu kilichosahauliwa kwenye mtoto wa meza kinaweza kuokoa jina la gari zima. Mjane au watoto wanaofagia banda la marehemu wasiharakishe kuchoma karatasi.

Wanaozitunza

Morgan Three-Wheeler Club ilianzishwa mwaka 1945. Wanachama husaidiana vipuri, na vingine huchongwa upya kwa kufuata vya zamani. Wako wanaotaka gari lipakwe rangi likawa jipya, na wako wanaoona kwamba rangi iliyochubuka na alama za nyundo ni sehemu ya ushahidi, ukizifuta umefuta historia. Wengi hawayafungii ndani. Huyapeleka kwenye mashindano ya magari ya kale, yakiwemo ya kupanda kilima cha Shelsley Walsh, si mbali na Malvern, ambako mbio zilianza mwaka 1905.

Kiwanda kilirudia kutengeneza gari la magurudumu matatu mwaka 2011, na jingine, Super 3, likafuata mwaka 2022. Wasomaji wetu walioko Uingereza, au wanaokwenda kutembelea watoto huko, wanaweza kukizuru kiwanda cha Malvern, ambacho hupokea wageni. Na mwenye nia ya kununua la zamani aombe kwanza kuona nyaraka, alinganishe namba moja moja kwa macho yake, ndipo aombe kusikia injini.