Kura ya Mfungwa

Je, mtu akifungwa gerezani hukoma kuwa mwananchi? Neno hili lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 1999. Hukumu iliandikwa na jaji Albie Sachs, ambaye mwenyewe aliwekwa kizuizini peke yake mwaka 1963 pasipo hukumu. Wafungwa wakaandikishwa. Mwaka 2003 Bunge likawanyima kura waliofungwa pasipo nafasi ya kulipa faini; mwaka 2004 Mahakama ikaitangua sheria hiyo. Serikali ilikuwa imetaja gharama, na hofu ya kuonekana inawapendelea wahalifu. Aliyeibiwa ataona uchungu, wala hatumlaumu. Lakini hakimu alimhukumu mwizi kufungwa, hakumhukumu kunyamaza. Tena katika nchi ile watu weusi walinyimwa kura hata mwaka 1994.