Allie Sherman, kocha aliyetoka katika timu ya vita

Mwaka wa 1943 vijana wengi wa Marekani walikuwa vitani. Timu za mpira wa Kimarekani za Philadelphia na Pittsburgh zilibakia na wachezaji wachache mno, zikaungana kuwa moja. Wengi waliobakia ni wale jeshi lilikuwa limewakataa: huyu ana kidonda cha tumbo, yule haoni kwa jicho moja. Mchana walifanya kazi katika viwanda vya vita, jioni mazoezi. Makocha walikuwa wawili, na hawakupatana hata kidogo. Hata hivyo timu ilishinda mechi 5, ikapoteza 4, sare 1.

Ni humo Allie Sherman alianzia, kijana wa Brooklyn mwenye miaka 20, mwana wa Wayahudi waliohama Urusi. Hakuchezeshwa sana, lakini alijifunza mbinu.

Mwaka wa 1961 akawa kocha mkuu wa New York Giants. Alifika fainali miaka 3 mfululizo, akapoteza zote. Mwaka wa 1964 alishinda mechi 2 tu. Baadaye mashabiki wale wale wakamtungia wimbo wa kumuaga, wakimwimbia uwanjani angali kazini. Alifukuzwa mwaka wa 1969, kabla ya msimu kuanza.