Mtoto anayechelewa kusema: Nani anastahiki huduma?

MZAZI wa Chwele, Kaunti ya Bungoma, ambaye mwanawe wa miaka mitatu hajatamka neno, hukabiliwa na swali zito: je, mtoto huyu anastahiki huduma gani?

Jibu limekuwa likibadilika. Vituo vya kutathmini watoto, maarufu kama EARC, vilianzishwa nchini mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Sera ya elimu ya mahitaji maalum ya 2009 iliupanua mlango, ikawajumuisha hata mayatima, watoto wa mitaani na wenye vipawa. Ile iliyochukua nafasi yake mwaka wa 2018 iliubana, ikawalenga wanafunzi wenye ulemavu.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kuchelewa kusema, peke yake, si ulemavu. Huenda mtoto hasikii vyema, au atasema tu kwa wakati wake. Pasipo tathmini, hakuna ajuaye.

Isitoshe, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, lakini elimu maalum ikasalia mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mtoto mmoja, wakubwa wawili.

Tathmini ya kielimu nayo haimpi mtoto kadi ya ulemavu. Kadi hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya sheria ya 2003 na kudumishwa na ile ya 2025, baada ya mtoto kukaguliwa na wahudumu wa afya katika hospitali iliyoidhinishwa. Mzazi asiyeambiwa hayo mapema hufunga safari mara mbili, nauli ikitoka mfukoni mwake.