Laiti Upepo Usingevuma

Swali la "ingekuwaje kama" halipendwi sana na wanahistoria, bali mwalimu hulipenda, kwani humlazimisha mwanafunzi kupima sababu za jambo badala ya kukariri miaka yake tu. Hebu, msomaji, tulitumie kwa kisa cha Wamongolia na Wajapani.

Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia aliyeiteka China, aliivamia Japani kwa njia ya bahari mara mbili. Mwaka 1274 majeshi yake yalitua katika ghuba ya Hakata, yakapigana, kisha yakarudi. Mwaka 1281 yalikuja kwa merikebu nyingi mno, kutoka Korea na kusini mwa China. Kumbukumbu za kale hutaja watu 140,000. Mwezi wa Agosti dhoruba iliangamiza sehemu kubwa ya merikebu hizo. Wajapani wakaiita kamikaze, yaani upepo wa miungu.

Je, laiti upepo ule usingevuma? Wengi hujibu upesi kwamba Japani ingetekwa. Mimi sikubaliani nao. Baada ya vita vya kwanza, Wajapani walijenga ukuta wa mawe wa kilomita zipatazo 20 kando ya ghuba ile. Merikebu za kutoka Korea zilipofika mwezi wa Juni, ukuta uliwazuia askari wake, na usiku Wajapani walizivamia kwa mashua ndogo. Ndiyo maana dhoruba iliwakuta adui wangali majini. Na hata wangepenya, wangekuta milima na majaruba ya mpunga, si nyika za kukimbizia farasi. Mwaka 1288 Wavietnam waliwashinda Wamongolia hao hao katika mto Bach Dang kwa magogo yaliyochongwa na kusimikwa mtoni, bila msaada wa dhoruba. Naam, Hakata ingeteketea na wengi wangekufa. Lakini kuitawala nchi nzima ni jambo jingine.

Hata hivyo sifa ilipewa mbingu. Mahekalu yalidai thawabu kwa sala zao, na wabeba mawe wakasahauliwa. Mwaka 1944, Japani ilipoelemewa vitani, jina lile la kamikaze walivikwa vijana waliotumwa kuzigonga merikebu za Marekani kwa ndege zao. Maelfu walikufa, na mwaka 1945 Japani ikasalimu amri.

Hapo ndipo uzito wa swali letu ulipo. Watoto wanaofundishwa kwamba muujiza uliwaokoa wazee wao watangoja muujiza. Wanaofundishwa habari za ukuta watajifunza kubeba mawe.