Reli ya Bububu

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: reli, injini, behewa.

Ziko nchi ambako msafiri huonyeshwa magari ya moshi ya kale yaliyostaafishwa. Ukifika Nairobi, ingia katika jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971. Utaona injini kubwa za mvuke zimesimama nje, juani na mvuani. Utaona pia behewa ambalo ndani yake simba alimwua ofisa wa polisi, Bwana Ryall, katika stesheni ya Kima mwaka 1900.

Je, sisi wa Unguja tunacho cha kumwonyesha mgeni? Huenda ukashangaa ukiambiwa kwamba kisiwa chetu kilikuwa na gari la moshi kabla mji wa Nairobi haujazaliwa.

Reli ya kwanza ilijengwa mwaka 1879 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said. Ilitoka mjini kwenda kwenye jumba lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalikokotwa na baghala, kisha ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Reli ile ilikuwa ya mfalme, haikuwa ya watu wote. Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888, nayo ikaachwa.

Reli ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, mwaka 1904 na 1905. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapita Darajani katika njia nyembamba, karibu kabisa na nyumba za watu, ikaelekea kaskazini mpaka Bububu. Urefu wake ulikuwa maili 7 hivi, yaani kilomita 11. Hii ndiyo waliyopanda watu wa kawaida. Serikali iliinunua mwaka 1911. Lakini barabara zilipotengenezwa na motokaa zikazidi, abiria wakapungua. Mwaka 1922 safari za abiria zilikoma. Baada ya hapo reli ilichukua mawe ya kujengea bandari, na kazi hiyo ilipokwisha ikafungwa.

Sasa tujifunze namna ya kupima khabari. Wako wasemao kwamba Bububu imepata jina lake kwa sababu ya mlio wa gari la moshi: bu-bu-bu! Ni hadithi tamu, na watoto huipenda. Lakini je, ni kweli? Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapwa mwaka 1886, anaeleza jinsi alivyokaa Bububu. Hesabu mwenyewe. Kitabu kilitoka miaka 19 kabla ya mwaka 1905. Basi jina lilitangulia reli, na gari la moshi halikuweza kulizaa. Wengine husema jina limetokana na maji ya chemchem yabubujikayo huko. Tarehe hazipingi maelezo hayo, lakini kutopingwa si sawa na kuthibitishwa.

Umeona faida ya tarehe? Asiyejua kusoma hulazimika kuamini kila aambiwalo. Wewe sasa unaweza kuuliza: mwaka gani?

Siku ya mapumziko, lifuate pito la reli ile. Anza Ngome Kongwe, ambako palikuwa na stesheni. Pita Darajani penye soko, kisha panda daladala ya kwenda Bububu. Hutaona uwanja wenye injini kuukuu kama ule wa Nairobi. Vyuma havipo tena. Hapo ndipo utafahamu jambo zito: kitu kikubwa, kilichopiga kelele na kutoa moshi katikati ya mji, kimeondoka, na watu hupita hapo pasipo kujua kwamba kilikuwapo.

Waliosafiri kwa gari lile wamekwisha kutuaga. Lakini wajukuu wao wapo, na yapo masimulizi waliyoachiwa. Pengine iko picha ya zamani sandukuni, imefungwa kitambaani. Mwendee mzee wa mtaani kwako, mwamkie kwa adabu, umwombe akusimulie alichosikia kwa babu au bibi yake. Kisha andika: jina lake, mahali, na tarehe ya siku hiyo. Usiongeze neno lake wala usipunguze. Chuma chetu hatukukiweka. Masimulizi bado tunaweza kuyaweka.

Maswali ya darasa:
1. Reli ya Chukwani na reli ya Bububu zilitofautiana vipi?
2. Kwa nini abiria wa reli ya Bububu walipungua?
3. Tunajuaje kwamba jina la Bububu halikutokana na gari la moshi?
4. Taja jambo moja la mtaani kwako linalofaa kuandikwa kabla halijasahauliwa.