Ile njia ya mguu chini ya magenge, toka Kalungu kupanda Numbi

Wengi wetu Minova tunaijua kwa dirisha la gari tu. Unatoka Bukavu, unapita Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, unafika Minova unanunua ndizi na sambaza, kisha unaendelea Sake na Goma. Macho yote iko kwa ziwa. Mlima wenye uko nyuma yako, hakuna mwenye anaugeukia.

Kiangazi cha mwaka 2022 niliupanda kwa mguu, juu nilikuwa natafuta udongo wa kupima kwa kazi yangu ya licence. Muzee mmoja wa Kalungu alitangulia na panga. Iko barabara ya magari ya kwenda Numbi, lakini yeye alitaka njia ya zamani, ile yenye mama zetu walikuwa wanashusha viazi na kupandisha chumvi. Chini ni migomba na kahawa, kisha mihogo, kisha ni pori kabisa. Miiba inakamata suruali, majani yanapita kichwa. Upande mmoja genge limesimama kama ukuta, mawe yake yanatoa maji hata kiangazi.

Fasi moja nikakanyaga majani, mguu ukaingia mpaka goti.

— Mwanangu, angalia. Hapo ni fose.

— Fose ya nini, muzee? Huku kwa pori?

— Baba yangu njo alichimba. Muzungu alikuwa nakuja na mita. Kama haifike urefu, unalala boloko.

Nikafyeka kidogo na mikono. Kweli, ulikuwa mtaro mrefu unaozunguka mlima kwa usawa, na juu yake mwingine, na mwingine tena. Mimi agronome, nilisoma miaka yote kuhusu mmomonyoko wa udongo, na hakuna siku walinionyesha kama jibu limefunikwa na miiba kwetu.

Historia yake ni hii. Sheria ya mwaka 1917 ilimpa mkoloni nguvu ya kumlazimisha mkulima wa Kongo kulima mazao fulani, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1928 kukazaliwa Comité National du Kivu, na udongo mzuri wa kando ya ziwa ukaanza kugawiwa walowezi kwa ajili ya kahawa. Mkulima akasukumwa kupanda juu, fasi yenye mteremko mkali. Udongo ukaanza kushuka. Kisha vita ya pili ya dunia, Wabeleji wakaamuru mafose: chimba mtaro, panda majani kwa ukingo, maji yasimame yaingie ndani pole pole. Kazi yenyewe ilikuwa na akili. Namna ya kuifanyisha ilikuwa fimbo.

Kwa hiyo, tarehe 30 Juni 1960, uhuru kwa mtu wa Buhavu ulikuwa pia kuacha kuchimba fose. Nani atamlaumu? Wakati wa Mobutu salongo ikaja, watu wakashika tena jembe kwa kuogopa, na wakaliacha tena. Miti ikaendelea kugeuka makala. Njia nayo ikaliwa na pori, juu mzigo sasa unashuka kwa moto.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua ikapiga milima ya Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maji, matope na mawe yakashuka juu ya Nyamukubi na Bushushu, watu zaidi ya 400 wakakufa, na wengi hawakuonekana hata mwili.

Sisemi kama mafose yangeokoa wale watu. Tuwe waangalifu hapo: kwa mteremko mkali sana, fose yenye kusimamisha maji bila kuwa na fasi ya kutokea inaweza kulowesha mlima mpaka ushuke wenyewe. Zingine zinaomba kufungwa na kupandwa miti, zingine kufufuliwa. Lakini utachagua namna gani kama hujui zinapita wapi? Ile siku nilihesabu mitaro saba kwa kipande kidogo cha njia, na bila muzee singeliona hata mmoja.

Yule muzee, shamba lake liko chini kidogo ya genge. Fose ya baba yake ameisafisha mwenyewe, hakuna mwenye alimtuma. Kwa ukingo amepanda majani ya ng'ombe, anakata, anauza mzigo kwa wenye mifugo. Nilimuuliza kwa nini jirani zake hawafanye vile. Akacheka: « Bo banakumbuka boloko. Mimi nakumbuka viazi. »

Wenye muko na wazee Kalehe, Minova, Nyabibwe, muwaulize mafose ya baba zao yalipita wapi, na muandike majina ya vilima. Mimi nimeanza na kilima kimoja.