Kutoka Firefox OS hadi Smart Kitochi: Msimbo Huria na Milango Iliyobaki Imefungwa

Mwaka 2020 Vodacom Tanzania iliingiza sokoni simu iliyopewa jina la Smart Kitochi. Aliyelibuni jina hilo aliijua hadhira yake. Kitochi ni simu ya batani yenye tochi kichwani, ile ambayo Wakenya huiita mulika mwizi. Ni simu ya bibi kijijini na ya bodaboda anayetaka chaji ikae siku kadhaa. Hiki kipya kilikuwa na batani zilezile, ila ndani yake mlikuwa na 4G, YouTube, ramani za Google na, muhimu kuliko vyote, WhatsApp. Mfumo endeshi wake uliitwa KaiOS, na asili yake ni mradi wa programu huria ambao waasisi wake walikwisha kuuzika.

Mradi huo ulitangazwa Julai 2011 kwa jina la Boot to Gecko, kisha ukajulikana kama Firefox OS. Mwenyewe alikuwa Mozilla, shirika la Marekani linalotengeneza kivinjari cha Firefox, na hoja yake ilikuwa rahisi kuielewa: ikiwa kivinjari kinaweza kufungua barua, ramani, michezo na muziki, simu inahitaji nini zaidi ya kivinjari? Mfumo ukajengwa kwa tabaka tatu. Chini kabisa palikuwa na Gonk, yaani kiini cha Linux pamoja na vipande vilivyoazimwa kutoka Android ili kuzungumza na vifaa vya simu. Katikati iliwekwa Gecko, injini ileile inayoendesha Firefox kwenye kompyuta. Juu ilikaa Gaia, sura ambayo mtumiaji anaigusa, iliyoandikwa kwa lugha zilezile zinazotumika kutengenezea tovuti. Aliyejua kutengeneza tovuti, awe Nairobi au Madrid, alikuwa tayari anajua kutengeneza programu ya simu hiyo.

Simu za kwanza kwa wateja ziliuzwa Julai 2013. Nchini Hispania, Telefónica iliiuza ZTE Open kwa euro 69. Mwaka uliofuata Intex ya India ikatoa Cloud FX kwa rupia 1,999 tu, ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 128. Bei ilivutia, lakini kutumia simu ilikuwa kazi ya subira: kivinjari kizima kiliminywa ndani ya kumbukumbu ndogo, na kila mguso ulijibiwa kwa kuchelewa. Upungufu mwingine ulikuwa mkubwa zaidi. WhatsApp haikuwahi kutoa programu rasmi ya Firefox OS. Watu binafsi walijaribu kutengeneza mbadala, lakini mlango ulikuwa na mwenyewe. Desemba 2015 Mozilla ilitangaza kuacha kuuza simu kupitia kampuni za simu, ikikiri kwamba haikufanikiwa kuwapa watumiaji simu ya kiwango ilichokitaka.

Kama mfumo huo ungekuwa mali ya siri, hadithi ingeishia hapo. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa hadharani, kampuni changa ya KaiOS Technologies iliuchukua, ikaondoa kioo cha kugusa, ikaufundisha kutii batani na ikapunguza mahitaji yake hadi ukatosha kwenye megabaiti 256. Hapa leseni ndizo zilizoamua mambo. Gecko ilikuwa chini ya Leseni ya Umma ya Mozilla, inayomtaka anayebadilisha faili na kuisambaza auweke wazi msimbo wa faili hiyo. Gaia ilikuwa chini ya leseni ya Apache, isiyodai hivyo: chukua, badilisha, uza, na ukitaka kuyafungia kabatini mabadiliko yako, ni hiari yako. KaiOS ilizitumia leseni zote mbili kama zilivyoruhusu. Msimbo wa Gecko yake uliwekwa wazi; sura ya simu na duka la programu vikabaki siri ya kampuni. Kwa hiyo kuiita KaiOS mfumo wa chanzo huria ni kusema nusu ya kweli.

Mafanikio yalifika upesi. Julai 2017 Reliance Jio ya India ilitangaza JioPhone, simu ya KaiOS iliyotolewa kwa amana ya rupia 1,500 ambayo mteja angerejeshewa baada ya miaka 3. Juni 2018 Google iliwekeza dola milioni 22 katika KaiOS na kuiletea huduma zake. Septemba mwaka huo WhatsApp ilifika kwenye JioPhone, na Julai 2019 ikaenea kwenye simu nyingi za KaiOS duniani. MTN iliziuza Nigeria na Afrika Kusini. Tanzania ikapata Smart Kitochi. Ndoto ya Mozilla ilitimia ikiwa mikononi mwa watu wengine.

Kisha, Juni 2024, WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS. Waliokuwa nayo tayari waliruhusiwa kuendelea hadi mapema mwaka 2025. Simu haikuharibika wala msimbo wa Gecko haukufungwa. Hata hivyo, mhandisi mwenye faili zote za Gecko mkononi asingeweza kuirudisha, kwa kuwa masharti ya WhatsApp hayaruhusu programu mbadala zisizo rasmi kuungana na mitambo yake. Kundi la ukoo, la kikoba, la wazazi wa darasa la tano, yote yaliondoka kwa uamuzi wa kampuni moja ya California.

Hapo ndipo mjadala wa programu huria Afrika Mashariki unapohitaji kusahihishwa. Tumezoea kuuliza kama msimbo uko wazi, tukadhani jibu likiwa ndiyo, kazi imekwisha. Lakini simu ya leo ni chombo cha kufikia huduma za wengine. Uwazi wa msimbo uliuokoa mfumo baada ya mwenyewe kuuacha, jambo lisilo dogo. Mtumiaji haukumwokoa.

Linganisha hali hiyo na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. M-Pesa ni mali ya kampuni na haina uhuria wowote. Lakini mteja wa Tanzania anapobonyeza *150*00#, ombi lake linapita kwenye viwango vya GSM ambavyo mtengenezaji yeyote wa simu anaweza kuvifuata. Ndiyo maana Smart Kitochi iliyopoteza WhatsApp bado inatuma pesa, kama kinavyotuma kitochi cha zamani kisicho na intaneti kabisa. Kilicho wazi hapo ni njia ya kuifikia huduma, na njia hiyo imemfaa mtumiaji kuliko msimbo wote wa Gecko.

Itajibiwa kwamba Android ni huria na imeshinda. Ni kweli kwamba msimbo wake wa msingi unapatikana chini ya leseni ya Apache. Muulize Huawei. Baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 iliweza kuendelea kuuchukua msimbo huo bila kuomba ruhusa. Ilichokosa kwenye simu zake mpya ni duka la Play, Gmail na ramani. Bila hivyo, mnunuzi wa Ulaya au Mombasa aliiona kama nyumba isiyo na maji wala umeme.

Umoja wa Ulaya umelishika tatizo kwenye mzizi. Sheria yake ya Masoko ya Kidijitali inaitaka WhatsApp, tangu Machi 2024, ifungue njia kwa huduma nyingine za ujumbe zinazoomba kuunganishwa nayo. Chini ya utaratibu wa namna hiyo, programu ndogo ya ujumbe iliyotengenezwa kwa ajili ya vitochi ingeweza kuwasiliana na wenye WhatsApp hata kama WhatsApp yenyewe haitaki kuihudumia KaiOS. Sheria hiyo inawahusu watumiaji walio ndani ya Umoja wa Ulaya. Mwenye Smart Kitochi wa Sumbawanga hayumo. Mamlaka za mawasiliano za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapaswa kuichukua sheria hiyo kama rasimu ya kuanzia, na ziichukue kwa pamoja, kwa sababu soko la nchi moja halitoshi kuilazimisha kampuni ya ukubwa huo.